Si Mkono wa Mtu, Ni Kebo

Kwa Watanzania wengi, kitu kikigoma Sumbawanga hakihitaji fundi wa kukichunguza, maana chanzo chake kinajulikana tangu Kariakoo. Gari likizimika, si bure. Simu ikijizima yenyewe, kuna namna. Radi ikipasua mkaratusi, hapo hata mahakama haina la kuongeza. Sifa hii ya uchawi Rukwa imebebeshwa na watu ambao wengi wao hawajafika hata Laela, na wenyeji wameizoea kiasi kwamba wengine huitumia kupewa kiti cha dirishani kwenye basi. Nina hoja ya kuipinga, na nitaisimamisha mahali ambapo wachache walitarajia: kwenye kebo ya USB inayounganisha kompyuta yenye Linux na bodi ya maikrokontrola ya roboti. Nadai kwamba katika kata ya Malangali, Manispaa ya Sumbawanga, hakuna mwalimu bora wa kuifuta dhana ya mkono wa mtu kuliko kebo hiyo. Inagoma mara nyingi kuliko kifaa kingine chochote cha bei yake, na kila inapogoma sababu ipo, imeandikwa mahali, na kwa kawaida ni ya kipuuzi.

Tuelewane kwanza kuhusu mahali. Malangali hii siyo ile ya Mufindi yenye sekondari kongwe ya mwaka 1928. Anayekosea akapanda basi la kule atajikuta mkoani Iringa, kwenye baridi nyingine kabisa. Hii ni ya Ufipa, uwanda ulioinuka karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, ambako kati ya Novemba na Aprili mvua haioni haya, na kifaa cha elektroniki kikitoka Kariakoo husafiri zaidi ya kilomita 1,100 kupitia Mbeya na Tunduma kabla ya kufika. Umbali huo tutaurudia. Bodi ninayoizungumzia ni ile ambayo wanafunzi wengi wa roboti duniani huanzia: Arduino Uno, au nakala yake ya bei nafuu kutoka China. Arduino ilizaliwa mwaka 2005 katika mji wa Ivrea, Italia, ikapewa jina la baa ambamo waasisi wake walikuwa wakikutana. Baa nayo ilikuwa na jina la mfalme wa kale wa Italia, kwa hiyo heshima imepatikana kwa kuzunguka. Ubongo wake ni chipu moja, ATmega328P, yenye kilobaiti 32 za kuhifadhia programu na kilobaiti 2 za kumbukumbu ya kufanyia kazi. Picha moja ya harusi iliyotumwa kwa WhatsApp haiingii humo. Hata hivyo nafasi hiyo inatosha kuendesha mota mbili, kusoma sensa ya umbali na kuizuia roboti isigonge ukuta, mradi programu ifike kwenye chipu. Kufika kwenyewe ndiko kwenye vituko.

Kituko kikongwe ni cha kebo. Kebo ya USB ya kawaida ina nyaya nne: mbili za umeme wa volti 5 na mbili za data. Lakini kebo nyingi zinazouzwa stendi pamoja na chaja za simu zina zile mbili za umeme tu, kwa kuwa mtengenezaji amegundua kwamba anayechaji simu hana haja na data, na shaba ni ghali. Ichomeke kwenye bodi, taa itawaka. Taa hiyo ndiyo chanzo cha mashtaka yote yanayofuata, kwa sababu ni ushahidi unaomridhisha kila mtu chumbani: bodi nzima, kebo nzima, kompyuta nzima, basi kilichobaki ni binadamu. Kompyuta kwa upande wake haijui kama kuna kilichochomekwa. Kwake, bodi haijazaliwa. Ukitaka kuujua ukweli, andika amri moja, sudo dmesg, inayoonyesha kumbukumbu za kiini cha Linux, kisha usome mistari ya mwisho. Ikiwa baada ya kuchomeka hakuna hata mstari mpya, ishuku kebo kwanza, na yaelekea ni ya kuchajia. Mrudishie mwenye simu. Ukiona mstari unaotaja poti ya ttyACM0 au ttyUSB0, kebo haina kosa, na ugomvi wako uko mbele. Ni mitambo mingapi nchini inayoweka daftari la kila aliyebisha hodi, kwa sekunde, halafu ikamruhusu mwanafunzi wa kidato cha pili alisome bila kuandika barua ya maombi?

Ugomvi ulio mbele ni wa kibali. Linux ilirithi kutoka Unix desturi ya kuwagawa watumiaji katika makundi, na kwenye Debian, Ubuntu na jamaa zao, poti za ttyACM na ttyUSB ni mali ya kundi liitwalo dialout. Kundi hili liliundwa kwa ajili ya watu walioruhusiwa kupiga simu kwa modemu, enzi ambazo kompyuta ilizungumza na ulimwengu kwa kupiga miluzi kwenye laini ya simu ya mezani. Herufi tty nazo ni masalia ya teletaipu, mashine ya kuchapa iliyokuwa ikiitikisa meza. Hivyo mtoto wa Malangali, ambaye pengine hajawahi kuiona simu ya mezani, anazuiwa kuiamuru roboti yake kwa kuwa hajaorodheshwa miongoni mwa wapiga simu za modemu. Mkulima wa Ufipa ataielewa hali hii mara moja, kwa sababu ndiyo ya mbolea ya ruzuku tangu msimu wa 2022/2023: shamba unalo, jembe unalo, mwenyekiti wa mtaa anakufahamu, wakala wa mbolea ni shemeji yako, lakini jina lisipokuwa kwenye daftari la usajili, mfuko huupati kwa bei ya ruzuku. Tofauti ni kwamba Linux haina shemeji hata mmoja.

Kujisajili ni kazi ya mstari mmoja: sudo usermod -aG dialout, ukifuatiwa na jina la mtumiaji. Mstari huo una mitego miwili iliyowanasa watu wa mabara yote. Mtego wa kwanza ni kwamba uanachama mpya hausomwi mpaka utoke kwenye akaunti na kuingia upya. Anayejisajili na kujaribu papo hapo hunyimwa vilevile, na ndipo huanza kuwatazama waliokaa jirani, nani mwenye jicho baya. Mtego wa pili ni ile herufi a. Ukiisahau, ukaandika -G peke yake, Linux inatii kwa uaminifu wa kutisha: inakuingiza dialout na kukutoa kwenye makundi yako mengine ya nyongeza, likiwemo lile linalokupa mamlaka ya sudo. Uliomba uwe mpiga simu, umekuwa mpiga simu, na vyeo vingine huna. Kama kwenye kompyuta ile hakuna msimamizi mwingine, hata kulirekebisha kosa huwezi mpaka uiwashe kwa hali ya ukarabati. Nakubali kwamba huu ni ukatili. Ila ni ukatili ulioelezwa wazi kwenye mwongozo wa amri yenyewe, na mchawi hajawahi kutoa mwongozo. Wapo pia wanaokwepa usajili kwa kuifungulia poti kila mtu kwa chmod. Dawa hiyo hudumu mpaka kebo ichomolewe, kwa kuwa poti huundwa upya kila bodi inapochomekwa. Wengine huendesha kila kitu kwa sudo, na kesho yake wanakuta mafaili yao yamekuwa mali ya root na wao wenyewe hawaruhusiwi kuhifadhi kazi waliyoianza. Njia za mkato kwenye Linux zina tabia ya kukupeleka nyumbani kwako na kukufungia nje.

Hata hivyo kisa kinachonifurahisha kuliko vyote ni cha maandishi ya wasioona. Nakala nyingi za Arduino kutoka China hutumia chipu ya CH340 kuzungumza na USB, na chipu hiyo hujitambulisha kwa kompyuta kwa namba 1a86:7523. Kuna vifaa fulani vya kusomea nukta nundu ambavyo navyo hujitambulisha kwa namba hiyohiyo. Sasa, katika Linux kumekuwa na programu iitwayo brltty tangu miaka ya 1990, inayomwezesha asiyeona kuisoma skrini kwa vidole kupitia kifaa cha namna hiyo. Ubuntu 22.04 ilipotoka Aprili 2022, watu wengi waliochomeka bodi zao walipata mkasa: poti ya ttyUSB0 inatokea, kisha kufumba na kufumbua inatoweka. Brltty ilikuwa imeiona namba, ikadhani mteja wake amefika, ikaikamata bodi na kuanza kuisemesha kwa nukta. Poti inayotokea na kutoweka! Kwa maelezo ya mdomo peke yake, kisa hiki kingeaminiwa upesi zaidi kwenye mkutano wa mtaa kuliko darasani. Lakini dmesg imekiandika chote, ikimtaja aliyekamata kwa jina lake, brltty, bila kumung'unya. Walio wengi huiondoa programu hiyo, na poti hutulia. Mimi ningependa waifunge kanuni inayohusu namba ile moja tu, hasa kwenye kompyuta ya shule, kwa sababu siku atakapokuja mwanafunzi asiyeona, kosa la kumfungia mlango litakuwa letu na si la programu iliyokuwa ikimtafuta kwa bidii hata ikamkumbatia roboti.

Vituko vingine nivipitie haraka, si kwa kuwa haviumizi. Programu ya ModemManager, hasa kwenye matoleo ya zamani, huamini kwamba kila kinachochomekwa huenda ni modemu, na huisalimia bodi kwa amri za kupiga simu wakati wewe unajaribu kuipakia programu. Bodi ya Arduino Nano yenye programu-anzilishi ya zamani huongea kwa kasi ya 57600 huku kompyuta ikiisemesha kwa 115200, na avrdude, programu inayobeba mzigo kuupeleka kwenye chipu, hujaribu mara 10 kwa ustaarabu kabla ya kukata tamaa. Anayeunganisha moduli ya Bluetooth kwenye pini namba 0 na 1 za Uno amekaa katikati ya mazungumzo, maana pini hizo ndizo njia ya USB yenyewe. Servo nazo, zile mota ndogo za kuzungusha viungo: poti ya USB 2.0 inatakiwa kutoa hadi miliampea 500, na servo mbili tatu zikishtuka kwa pamoja huvuta zaidi ya hapo, bodi inazirai, inaamka, inawasha servo, inazirai tena. Atakayeiona roboti hiyo ikitetemeka mezani bila programu kumalizika hata mara moja atasema imepandwa. Imepandwa na nini? Na miliampea.

Hapa najua pingamizi litakalokuja, nalo linastahili heshima. Ufipa ni nchi ya mafundi wa chuma. Kabla majembe ya kiwandani hayajafurika, Wafipa waliyeyusha chuma kwenye tanuru ndefu za udongo ziitwazo malungu, nyingine zikifikia mita 3 kwenda juu, zilizovuta hewa zenyewe bila mivukuto. Baadaye wakakisafisha chuma hicho kwenye tanuru ndogo kwa mivukuto. Mwanaakiolojia Bertram Mapunda amechunguza mabaki ya tanuru hizo na kuyaandika kwa kirefu. Kazi hiyo iliandamana na dawa na miiko: waliohusika walijitenga na wake zao, na tanuru lenyewe lilitendewa kama bibi harusi. Sasa atatokea mwenye kuuliza: mafundi wale walitoa chuma kweli, miiko yao ikiwemo. Kwa nini basi mwanafunzi wa roboti aambiwe kwamba kushuku jicho la jirani kutamchelewesha?

Jibu langu ni la gharama. Kuyeyusha chuma kulikula siku nyingi za kukata kuni, kuchoma mkaa, kuchimba mawe yenye madini na kujenga tanuru, na moto ukishawashwa hapakuwa na dirisha la kuchungulia. Tanuru likishindwa, fundi hakuweza kulirudia alasiri ileile akiwa amebadilisha jambo moja tu ili ajue lipi lilikosewa. Penye jaribio ghali kiasi hicho, mwiko ni busara: unalinda kila kitu kwa pamoja, kwa kuwa hujui ni kipi hasa kilicholeta chuma. Mafundi wale hawakuwa wajinga, walikuwa na bajeti. Bodi ya Arduino imesimama upande wa pili kabisa. Kupakia programu kwa kebo huchukua sekunde chache, na mtengenezaji wa ATmega328P anaahidi kwamba kumbukumbu ya programu huvumilia kuandikwa na kufutwa mara 10,000. Mwanafunzi anayekosea mara 20 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, atahitaji siku 500 kuimaliza, na kufikia hapo atakuwa amehama kidato. Palipo na majaribio mengi hivyo bila malipo, unabadilisha kebo peke yake na kujaribu. Unabadilisha poti peke yake na kujaribu. Unachomoa Bluetooth na kujaribu. Mkosaji anajitokeza mwenyewe, na jirani anaendelea kunywa chai yake bila kujua kwamba alikaribia kutajwa.

Kuna watakaosema taabu yote hii ni ya Linux, na kwamba Windows haina dialout wala brltty. Ni kweli haina. Lakini chipu ya CH340 kwenye Windows huhitaji draiva, na penye intaneti ya kusuasua draiva hutafutwa kwenye flashi ya rafiki, flashi inayokuja na virusi vya mikoa mitatu. Kwenye Linux draiva hiyo imo ndani ya kiini, imekaa ikisubiri. Na kama tunazungumza kwa haki, Windows ndiko ulikotokea mkono wa mtu pekee ninaoukubali katika somo zima. Mwaka 2014 kampuni ya FTDI ya Glasgow, iliyochoshwa na chipu bandia zenye jina lake, ilitoa toleo jipya la draiva lililosambazwa kupitia masasisho ya Windows. Draiva hiyo ikigundua chipu bandia, iliibadilisha namba yake ya utambulisho kuwa sifuri, na kompyuta ikaacha kuitambua. Watu walichomeka vifaa vilivyokuwa vizima asubuhi, vikafa jioni, na safari hii kweli kulikuwa na mtu aliyekusudia. Kelele zilipozidi, toleo hilo likaondolewa. Watengenezaji wa kiini cha Linux walifanya jambo la kiungwana zaidi: waliiongeza namba sifuri kwenye orodha ya namba zinazokubaliwa, na vifaa vilivyokufa Windows vikafufukia Linux. Ukitaka uchawi wenye tarehe, anwani na sahihi, basi ndio huo, na hautoki Sumbawanga.

Wapo wengine wanaoniambia kebo imepitwa na wakati: siku hizi programu huandikwa mtandaoni na kupelekwa kwenye bodi kwa Wi-Fi. Vizuri, lakini nani atalipia kifurushi? Kuandika mtandaoni kunahitaji mtandao kila unapokosea, na tumeshakubaliana kwamba mwanafunzi hukosea mara nyingi. Kebo haina kifurushi. Zana za Arduino Uno zikishawekwa kwenye kompyuta, kwa intaneti au kwa flashi, zinafanya kazi mwaka mzima bila kuuliza habari za minara. Kuna pia suala la umeme. Kwa miaka mingi Sumbawanga imekuwa ikipata umeme kutoka Zambia, na wakazi wanaujua vizuri ule ukimya unaokuja friji inaponyamaza. Bodi iliyochomekwa kwenye laptopu inakula volti 5 kutoka kwenye betri ya laptopu; umeme ukikatika, roboti haina habari. Somo linaloweza kuendelea gizani kwenye mvua ya Januari lina faida ambayo hakuna huduma ya mtandaoni inayoweza kuitoa. Bodi mpya kama Raspberry Pi Pico ya mwaka 2021 zimepunguza taabu kwa njia ya werevu: unashikilia kitufe, unachomeka, bodi inajifanya flashi, unakopi faili, kwisha. Hakuna kundi wala kibali. Nimesikia ikisifiwa kana kwamba imeufuta ugomvi wote. Lakini mara tu mwanafunzi anapoweka MicroPython na kutaka kuongea nayo mstari kwa mstari, poti inayojitokeza ni ttyACM0, na mlangoni amesimama yuleyule wa dialout akiwa na daftari lake.

Pingamizi zito kuliko yote ni la lugha. Nimesema sababu imeandikwa, lakini imeandikwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza kinachobana maneno na kumeza viunganishi. Kwa mwanafunzi anayesoma kwa kuvizia, mstari usiosomeka na mstari usiokuwepo ni kitu kimoja. Sina jibu kamili hapa, nina nusu. Kwanza, kazi ya kuisemesha Linux Kiswahili ilishawahi kufanywa nchini: mradi wa KiLinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na Waswidi, ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Yaani ushahidi kwamba inawezekana una umri mkubwa kuliko wanafunzi wengi wa sekondari. Pili, ujumbe wa makosa katika kazi hii si msitu; ni kichaka cha mistari michache inayojirudia. Kibali kimekataliwa. Poti haipo. Poti inatumiwa na mwingine. Bodi haijibu. Mwalimu anaweza kuiandika kwenye manila moja, kushoto Kiingereza chake na kulia la kufanya kwa Kiswahili, akaibandika ukutani. Mafundi simu wa sokoni wanaoflashi simu kwa kebo hiyohiyo hushughulika na ujumbe wa aina hii siku nzima, na wengi wao hawakuwahi kuwa watoto wa mbele darasani katika Kiingereza. Wameujua kwa kuurudia, kwa sababu mteja amesimama dirishani anasubiri.

Na roboti zenyewe za nini, Ufipa? Swali hili huulizwa kwa sauti ya huruma, kana kwamba watu wa nyanda za juu wana haki ya jembe tu. Sahau kidogo gari dogo linalokwepa ukuta. Bodi ileile, kebo ileile na vituko vilevile ndivyo vinavyotumika kusoma unyevu na joto la ghala. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka mahindi ya kuuzwa yasizidi unyevu wa asilimia 13.5, na ghala lenye unyevu hukaribisha kuvu na sumukuvu. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula hununua mahindi Sumbawanga, na mkulima aliyerudishwa na gunia zake kutoka kwenye mzani anajua asilimia hiyo ina uzito gani. Sensa ndogo ya DHT22 husoma unyevu wa hewa kila baada ya sekunde 2. Haipimi punje, lakini inatosha kukuambia kwamba ghala limeanza kutoa jasho. Kijana anayeweza kuipakia programu hiyo na kuirekebisha inapogoma, bila kusubiri fundi kutoka Kariakoo, ameokoa ile safari ndefu niliyoitaja mwanzoni. Mkondo wa amali ulioanza kuingia sekondari kutokana na sera ya elimu ya mwaka 2014, toleo la 2023, unatafuta ujuzi wa namna hiyohiyo, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kina kampasi yake mkoani Rukwa. Walimu wa kuanzia hawatoki mwezini.

Kwa hiyo wewe unayetaka kuzichangia shule za Malangali bodi za roboti, nakuomba jambo moja. Usitume bodi 20 na kebo 20 ulizookota stendi. Kabla ya kufunga boksi, chomeka kila kebo kwenye kompyuta yenye Linux, soma dmesg, na ile isiyoleta mstari mpya ibaki nayo nyumbani uchajie simu. Watumiaji wa kompyuta utakazotuma waingize dialout kabisa, na ile herufi a usiisahau.